Dereva Akihama Mkoa, Leseni Yake Huhama Naye

Jioni moja kijana wa bodaboda alikuja kwenye kituo chetu cha kisomo karibu na Maganzo. Ni mwanakisomo wetu wa zamani. Mkononi alishika karatasi yenye muhuri wa buluu. Akasema, "Shikamooni walimu. Tusome wote hii karatasi. Herufi naziona, lakini maana yake inanipita."

Kijana huyu alikuwa anataka kuhamia Katoro, mkoani Geita. Kule dhahabu inaleta watu, na watu ndio abiria. Mtu mmoja pale stendi akamwambia hivi: "Leseni yako ni ya Shinyanga. Geita haifanyi kazi. Lazima ihamishwe. Lete shilingi 150,000 nikushughulikie." Kijana akauza mbuzi wawili, akalipa. Akapewa karatasi ile.

Tuliisoma pamoja, mstari kwa mstari. Juu iliandikwa "Kibali cha Uhamisho wa Leseni". Haikutaja sheria yoyote. Haikuwa na namba ya malipo. Jina la ofisi lilifunikwa na muhuri, na muhuri wenyewe haukusomeka. Ndugu msomaji, karatasi ile ilikuwa haina kazi hata ya kufungia karanga.

Tumeona tulieleze jambo hili gazetini, maana si yeye peke yake. Watu wa Mwadui wanahama sana. Mgodi wa almasi ulianzishwa na Williamson mwaka 1940, na tangu hapo maisha ya huku yanakwenda na mgodi. Bwawa la tope lilipobomoka tarehe 7 Novemba 2022, mgodi ulisimama kwa miezi mingi. Mgodi ukisimama, abiria hupungua. Dereva naye ana watoto wa kulisha. Atakwenda Kahama, atakwenda Geita, atakwenda Nyarugusu. Je, akifika huko anahitaji leseni nyingine?

Jibu ni hapana. Leseni ya udereva hutolewa kwa sheria moja, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo imerekebishwa mara kadhaa. Sheria hiyo ni ya Tanzania Bara yote. Polisi wa usalama barabarani hukupima, na Mamlaka ya Mapato, yaani TRA, hukutolea kadi. Ichukue kadi yako uisome. Hutaona mahali palipoandikwa kwamba ni ya Shinyanga peke yake.

Kama bado una shaka, waulize watu wa Bukombe. Zamani wilaya yao ilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Mwaka 2012 Mkoa wa Geita ulipoanzishwa, Bukombe ikaingizwa Geita. Madereva wa kule walilala Shinyanga wakaamka Geita, na hawakuhamisha hata nyumba. Leseni zao ziliendelea kuwa leseni zile zile.

Basi, leseni inakwenda na mtu. Lakini msifurahi upesi. Yako mambo mengine ambayo hayaendi na mtu, na hapo ndipo madereva wengi hukamatwa.

SOMA HERUFI KWENYE KADI

Kwanza tazama herufi. Kadi ina madaraja, na kila daraja lina herufi yake. Daraja A ni la pikipiki kubwa, zile zenye injini inayozidi sisi 125. A1 ni la pikipiki ndogo zaidi. A2 ni la bajaji. Daraja C ni la mabasi ya abiria 30 au zaidi. C1 ni la magari ya abiria kuanzia 15 lakini chini ya 30. C2 na C3 ni ya magari madogo ya abiria. Daraja B ni la gari lako binafsi, si la biashara.

Tunaeleza haya kwa sababu mtu akihama, mara nyingi hubadili na chombo. Huku Maganzo alikuwa na pikipiki. Akifika Geita, shemeji yake anampa mchomoko abebe abiria wa kwenda Katoro. Anasema, "Mimi ni dereva, leseni ninayo." Ndiyo, unayo, lakini ni ya pikipiki. Kwa gari la abiria leseni hiyo ni sawa na kutokuwa nayo. Ajali ikitokea, utakuwa na kesi, na kampuni ya bima nayo inaweza kukataa kulipa.

Kupata daraja la abiria si jambo la siku moja. Kwa mabasi unatakiwa uwe umeendesha magari ya daraja la chini kwa miaka kadhaa, na uwe na cheti cha mafunzo ya kuendesha magari ya abiria kutoka chuo kinachotambuliwa. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, ni kimojawapo. Atakayekuambia atakupatia daraja C kwa wiki moja bila kusoma, huyo anakuuzia hatari yako na ya abiria wako.

CHOMBO NACHO KINA LESENI YAKE

Hapa pana utata, na tunaomba msome polepole.

Dereva ana leseni yake. Chombo cha biashara nacho kina leseni yake, inayoitwa leseni ya usafirishaji. Leseni hiyo husema kwamba chombo hiki, chenye namba hizi, kinaruhusiwa kubeba abiria kwa malipo. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA. Mamlaka hii iliundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ikachukua kazi iliyokuwa ya SUMATRA. Kwa pikipiki na bajaji, halmashauri nazo zimekuwa zikishirikishwa katika kazi hii.

Kwa hiace na mabasi, leseni ya usafirishaji hutaja njia. Hiace iliyopewa njia ya Shinyanga hadi Mhunze haiwezi kuamka asubuhi ikaanza kupiga Geita hadi Katoro. Gari ni lile lile, dereva ni yule yule, bima ipo, lakini njia si yake. Mwenye gari lazima aombe LATRA ibadilishe njia kwanza. Tumewahi kusikia madereva wakilalamika kwamba trafiki wa mkoa fulani ni wakali kwa wageni. Huenda wako wakali. Lakini mara nyingi, ukiuliza vizuri, unakuta gari lilikuwa nje ya njia yake.

Pikipiki na bajaji hazina njia kama hiace. Zinafanya kazi katika eneo na kituo. Kwa hiyo ukihama nayo, nenda halmashauri ya huko uendako au ofisi ya LATRA ya mkoa. Chukua kadi ya chombo, leseni ya usafirishaji ya zamani, cheti cha bima, na leseni yako ya udereva. Uliza neno moja tu: "Chombo hiki kilikuwa Kishapu, sasa kitafanya kazi hapa. Nifanye nini?" Swali hilo halina malipo.

Kama chombo si chako, bado kuna jambo. Wengi wetu huendesha vyombo vya watu na kupeleka hesabu kila siku. Usihame na pikipiki ya mtu kwa maneno matupu. Andikianeni. Andikeni jina lako na la mwenye chombo, namba ya chombo, hesabu ni shilingi ngapi, itatumwa kwa njia gani, na nani atatengeneza kikiharibika. Tieni sahihi mbele ya mtendaji wa kijiji. Bila karatasi hiyo, siku mkikosana mwenye chombo atakwenda polisi aseme kimeibiwa, na wewe utakuwa Katoro usiye na shahidi.

Tena, madeni ya faini hukufuata. Siku hizi makosa ya barabarani huingizwa kwenye mtambo kwa namba ya chombo. Faini ya Maganzo utaikuta Geita. Mwaka 2021 Serikali ilipunguza faini za pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Zilipe kabla ya kuondoka.

MADEREVA WA MABASI

Kwa dereva wa basi kuna kitu cha tatu. Tangu kanuni za mwaka 2020, LATRA huwapima na kuwathibitisha madereva wa vyombo vya abiria. Dereva hufanya mtihani kwa kompyuta, na akifaulu hupewa cheti. Katika mabasi ya masafa marefu dereva huwa pia na kitufe maalumu. Anakigusisha kwenye kifaa kilichofungwa ndani ya basi, na LATRA wanajua nani yuko kwenye usukani na anakwenda kasi gani. Uthibitisho huo nao ni wa mtu. Ukiacha kampuni ya Shinyanga ukaajiriwa Geita, unakwenda nao. Lakini usimwachie mwenzako kitufe chako hata kwa safari moja. Akizidisha mwendo, jina litakalosomeka ni lako.

MBALI ZAIDI YA MKOA

Mambo hubadilika ukivuka bahari. Zanzibar ina sheria yake ya usafiri wa barabarani, ya mwaka 2003, na hutoa leseni zake. Anayetaka kwenda kubeba abiria kule aulize kwanza kwa wahusika wa kule.

Hata nchi za mbali zina mambo kama hayo. Australia ni nchi moja, lakini ina majimbo, na ruhusa ya kubeba abiria kwa malipo hutolewa na kila jimbo kwa utaratibu wake. Dereva wa teksi akihama jimbo, ana kazi ya kufuatilia makaratasi. Labda yule mtu wa stendi alisikia habari za namna hiyo akazileta Maganzo. Sisi tunadhani alizitunga tu.

KIJIWE NA PESA

Kijiwe ni jambo la wenyewe. Ukifika mahali pageni hutapaki tu na kuanza kuita abiria. Vijiwe vingi vina mwenyekiti, vina kiingilio, na jaketi zenye namba. Chukua barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji chako, uipeleke kwa mtendaji wa huko, kisha nenda kijiweni. Kiingilio ni mapatano ya chama, si ada ya Serikali. Omba stakabadhi.

Lakini pesa ya Serikali hailipwi mkononi. Iwe ya TRA, ya LATRA, au ya faini, utapewa namba ya malipo, ambayo wengi huiita kontrolo namba. Ina tarakimu 12 na huanza na 99. Utalipia benki au kwa simu. Ninyi mliosoma hesabu za kisomo mnaweza kuzihesabu: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili. Kama mtu hana namba hiyo, zuia pesa yako.

Kijana wetu hakurudishiwa shilingi 150,000. Tulimshauri aripoti polisi, naye akaripoti, lakini mtu wa stendi alikuwa ameshaondoka. Baada ya wiki mbili alikwenda Katoro kwa basi, akaiacha pikipiki nyumbani. Akauliza halmashauri, akaonana na mwenyekiti wa kijiwe, akarudi kuichukua. Anaendesha kule hadi leo kwa kadi ile ile aliyopimiwa Shinyanga. Ikiisha muda wake ataihuisha huko huko Geita.