Namba Katika Kizio cha Kumi na Mbili: Kuiandika na Kuisoma

Katika makala haya tunakusudia kueleza sifa za namba nzima iandikwapo katika kizio cha kumi na mbili, na kupendekeza namna ya kuisoma kwa Kiswahili pasipo kumpotosha mwanafunzi.

Kuhesabu kwa kumi na mbili si jambo geni kwetu. Mwenye duka la jumla mjini Mwanza huuza madaftari kwa dazeni. Fundi wa mitumbwi katika mwambao wa Ziwa Viktoria hupima mbao kwa futi yenye inchi 12. Na saa yetu ya Kiswahili ikishafika kumi na mbili hurejea moja. Hata hivyo, hatuna budi kutofautisha kuhesabu na kuandika. Watu hao huhesabu kwa kumi na mbili, lakini huandika kwa kizio cha kumi.

Tuchukue madaftari 40. Katika kizio cha kumi, tarakimu 4 ni makumi manne, na 0 yaonyesha kuwa hakuna mamoja. Tukiyafunga kwa dazeni twapata dazeni 3 na madaftari 4. Basi katika kizio cha kumi na mbili namba hiyo huandikwa 34. Madaftari hayakupungua, kilichobadilika ni maandishi.

Hapa ndipo penye hatari. Mwalimu akisoma "thelathini na nne" atakuwa ametaja namba nyingine, kwani thelathini maana yake ni makumi matatu. Majina yetu ya namba, kama vile ishirini na mia, yamejengwa juu ya kumi. Twapendekeza isomwe "tatu nne, kizio cha kumi na mbili". Vivyo hivyo 100, ambayo hapa ni dazeni ya dazeni, yaani 144, isomwe "moja sifuri sifuri".

Kizio hiki chahitaji tarakimu 12, nasi tunazo 10 tu. Aghalabu herufi A hutumika kwa kumi na B kwa kumi na moja; hivyo 47, yaani dazeni 3 na 11, huandikwa 3B. Mwaka 2015 orodha ya kimataifa ya alama za kompyuta, Unicode, iliongezewa alama mbili maalumu kwa kazi hiyo: 2 na 3 zilizopinduliwa.

Sifa zenyewe ni za aina mbili. Kwanza, zipo sifa za namba: 40 ni shufwa na 47 ni namba tasa, katika kizio chochote. Pili, zipo sifa za maandishi. Katika kizio cha kumi na mbili, tarakimu ya mwisho hutuonyesha kama namba yagawanyika kwa 2, 3, 4, 6 au 12, lakini haituambii lolote kuhusu 5. Tena, jumla ya tarakimu hutoa baki la kugawanya kwa 11: katika 34, 3 na 4 ni 7, na 40 ukiigawanya kwa 11 hubaki 7. Katika kizio cha kumi, jumla hiyo hutoa baki la kugawanya kwa 9.

Kwa hiyo, mfasiri aandikaye kwamba "namba inayoishia na 0 hugawanyika kwa 5" hana budi kuongeza "katika kizio cha kumi". Katika kizio cha kumi na mbili, 10 ni dazeni moja, nayo haigawanyiki kwa 5 bila baki.

Kwa mintarafu ya istilahi, twapendelea "kizio cha kumi na mbili" kuliko "duodesimali", kwa kuwa jina hilo hujieleza lenyewe. Kila kanuni ya tarakimu na itajwe pamoja na kizio chake.