Saa ya Mteja, Saa ya Nairobi

Kama unafanya vibarua vya mtandaoni na mteja wako yuko New York, hii inakuhusu. Akikuambia mkutano ni saa tatu asubuhi kwake, kwako hapa Nairobi ni saa kumi jioni. Ama saa kumi na moja. Inategemea mwezi.

Wamarekani husongesha saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, kisha wakairudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi hatusongeshi chochote. Kwa hivyo tofauti yetu na New York ni saa saba, halafu inakuwa nane. Ukisahau Novemba, utafika mapema ukae ukingoja. Ukisahau Machi, utaingia mkutano umeisha na kazi imepewa mwingine.

Ndiyo maana saa za mkono zinazoonyesha majira mawili, maarufu kama GMT, zimependwa na vijana. Zilipata umaarufu miaka ya 1950, Rolex ilipowatengenezea marubani wa Pan Am saa ya GMT-Master. Siri yake ni mshale wa nne, unaozunguka mara moja tu kwa saa 24. Mshale wa kawaida unakupa saa ya hapa, huo wa nne unasoma ya mteja kwenye duara lenye namba hadi 24.

Doo ya Rolex huna? Hata mimi. Casio AE-1200 ya dijitali inaweka saa za miji minne. Ukikosa Nairobi kwenye orodha, chagua JED, yaani Jeddah. Saa yao ni sawa na yetu.

Ukinunua mtaani, jaribu kwanza. Kama mshale wa nne hausogei peke yake na duara la nje halizunguki, hilo ni pambo tu. Usilipie.

Lakini usidanganyike, saa hizi nyingi hazijui Machi imefika. Simu yako inajua, na haikulipishi kitu. Saa ya mkono lazima uirekebishe mwenyewe, kwa hivyo weka kikumbusho cha zile Jumapili mbili.

Na mteja akikupa saa ya mkutano, usione haya kumuuliza: saa ya wapi?