Kutunga Usaha Si Kuoza

Mgonjwa wa kisukari anavua soksi. Chini ya kidole gumba cha mguu pana kidonda chenye utando wa manjano, nyama ya pembeni imevimba, na harufu imeshajaa chumbani. "Mguu umeoza," ananong'ona mwanawe. Nje, kwenye benchi, ameketi mwingine: kidole chake cha mwisho ni cheusi, kikavu kama tende, hakinuki wala hakiumi. Huyo hajaambiwa na mtu kwamba ameoza. Na ndiye aliyeoza.

Usaha hutungwa na mwili ulio hai. Bakteria wakiingia kwenye jeraha, chembe nyeupe za damu hulivamia, huwameza, nazo hufa. Mabaki yao na ya nyama iliyoharibika ndiyo huo uji wa manjano. Chembe hizo huletwa na damu. Kwa hiyo kidonda cha usaha, hata kinuke vipi, mgonjwa akiwahi mara nyingi huokolewa: kinapasuliwa, kinasafishwa, na antibayotiki husafiri na damu ileile.

Kuoza, yaani gangrini, ni nyama kufa, mara nyingi kwa sababu mshipa umeziba. Dawa inayopita kwenye damu itafikaje mahali damu isipofika? Balaa kubwa ni viwili hivi vikikutana, nyama mfu ikapata bakteria. Wapo hata wanaotoa gesi ndani ya nyama, ngozi ikibonyezwa ikawa inatatarika. Hapo hazihesabiwi siku, ni saa.



Neno jingine linalochanganywa na kuoza ni sepsisi. Kwa Wagiriki wa kale lilimaanisha kuoza. Leo madaktari wanalitumia neno hilo kwa hali ya mwili kupambana na maambukizi kwa fujo hadi ukaumiza viungo vyake wenyewe. Huweza kuanzia kwenye mapafu au mkojo, bila kidonda chochote.

Maumivu hayasaidii kutofautisha, kwani kisukari hutia miguu ganzi. Ndiyo maana tabibu huweka vidole viwili juu ya mguu, karibu na kifundo, akatafuta mapigo. Kwa yule wa soksi, chini ya uvimbe wote ule, yanadunda. Kwa yule wa benchi vidole vinatafuta, vinasogea, vinatafuta tena.