Chanjo ya mtoto na tembe za sukari

“Daktari, nikimpa mtoto matone haya, bado atahitaji sindano?” Mzazi anayeuliza hivyo si mzembe. Mara nyingi mtoto wake alilia usiku kucha baada ya chanjo ya wiki ya 6, kisha jirani akamwambia kuwa homiopathia hukinga maradhi bila maumivu wala homa.

Tiba hii ilianzishwa na daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, mwaka wa 1796. Alishikilia kwamba kitu kinachomletea mtu mwenye afya dalili fulani kinaweza kumponya mgonjwa mwenye dalili hizo, mradi kizimuliwe. Tone moja hutiwa katika matone 99 ya maji au spiriti na kutikiswa. Kisha tone la mchanganyiko huo hutiwa katika mengine 99, na kuendelea. Chupa iliyoandikwa 30C imezimuliwa hivyo mara 30. Baada ya mara 12 au 13, ni nadra kupata hata chembe ya ile dawa ya kwanza. Mzazi amenunua maji, au sukari iliyonyunyiziwa maji.

Chanjo huupa mwili virusi vilivyodhoofishwa, au kipande cha kiini cha ugonjwa, ili utengeneze kingamwili. Mwaka wa 2018 watafiti wa Kanada walichapisha majaribio ya wanafunzi 150 wa chuo kikuu. Waliopewa chanjo halisi, kingamwili zao zilipanda. Waliopewa ile ya homiopathia hawakuwa tofauti na waliopewa dawa bandia.

Januari 2024, mkunga mmoja jimboni New York, Marekani, alitozwa faini ya dola 300,000 kwa kuwapa watoto wapatao 1,500 tembe kama hizo na kuandika kwamba wamechanjwa. Watoto hao walitakiwa wachanjwe kabla ya kurudi darasani.

Je, mzazi aweza kutumia zote mbili? Tembe zilizozimuliwa mno hazizuii chanjo kufanya kazi. (Si zote zilizo tupu, lakini: mwaka wa 2017 wakuu wa dawa Marekani walipata belladonna, mmea wenye sumu, kwa viwango vya juu na visivyolingana katika tembe za watoto wanaoota meno.) Ninachohofia mimi ni kuahirisha. Hapa Kenya chanjo ya surua, au ukambi, hutolewa miezi 9 na miezi 18. Virusi vyake hukaa hewani hadi muda wa saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani, na mtoto aliyeambukizwa aweza kupata nimonia, kupofuka au kufa.

Homa ya chanjo kwa kawaida huisha kwa siku moja au mbili. Mnyonyeshe, mpunguzie nguo, na umuulize muuguzi kipimo cha paracetamol kulingana na uzito wake. Akipata degedege, akishindwa kupumua vyema au akilia mfululizo kwa zaidi ya saa tatu, mkimbize hospitalini.

Na kama tarehe iliyoandikwa kwenye kijitabu cha kliniki imepita, nenda nacho hata kesho. Muuguzi ataendelea pale mlipoachia. Chanjo alizokwisha kupata hazirudiwi.