Je, Wajua? Ziwa Tanganyika Nalo Lina Wazamiaji Wake

Msafiri aondokaye mji wa Niemba, mashariki mwa Kongo, akaufuata mto Lukuga kinyume cha mkondo wake hufika Kalemie, mahali mto huo utokapo katika Ziwa Tanganyika. Na ni wachache wadhanio kwamba ziwa hilo, lililo mbali mno na bahari, nalo huwavuta watu wa likizo kulizamia wakiwa na mitungi ya hewa migongoni, kwa chombo cha kupumulia walichokibuni mzamiaji Cousteau na mhandisi Gagnan huko Ufaransa mwaka 1943.

Sababu si haba. Maji ni maangavu, yenye joto la nyuzi 25 hivi, na katika miamba ya pwani zake huishi jamii za samaki wa nasaba ya sato zaidi ya 200, karibu zote zisizopatikana penginepo ulimwenguni. Yupo dume mmoja wa ajabu, ambaye huokota kwa kinywa makombe matupu ya konokono, moja baada ya jingine, akayakusanya pahala pamoja, ili majike, walio wadogo mno kuliko yeye, waingie ndani yake wakatage mayai. Hata yavuyavu wamo, wadogo kama sarafu, ingawa maji hayana chumvi ya bahari. (Mamba nao wamo, heri kuwauliza wavuvi kwanza.)

Tena ziwa li juu ya usawa wa bahari kwa mita 770 hivi, ambapo kanieneo ya hewa ni pungufu. Basi mzamiaji asitumie hesabu za kina na muda wa kuzamia zilizowekwa kwa ajili ya baharini bila kuzirekebisha.