Robo Tatu Ngapi Zimo?

Mwaka 1999 mtafiti Liping Ma alichapisha kitabu kilicholinganisha walimu wa shule za msingi wa Marekani na wa China. Aliwapa hesabu moja, moja na robo tatu gawanya kwa nusu, kisha akawaomba watunge fumbo linaloendana nayo. Wachina wote 72 walipata 3½. Kati ya Wamarekani 21 waliojaribu, 9 tu ndio walioifikisha mwisho sawasawa. Kwenye fumbo hali ilikuwa mbaya zaidi, na kosa lililojirudia ni kugawia watu wawili, yaani kugawanya kwa 2 badala ya nusu. Kanuni ya shuleni ya kugeuza sehemu ya pili juu chini na kuzidisha haikosei kamwe, lakini haimwambii mtu anatafuta nini.

Chukua muuza mafuta ya kula mwenye lita 3½, anayejaza chupa za robo tatu lita. Anachouliza ni robo tatu ngapi zimo humo. Lita 3½ ni robo 14, na kila chupa inameza robo 3. Basi zinajaa chupa 4 na robo 2 zinabaki. Idadi ya chupa imezidi idadi ya lita, na hakuna ajabu, maana chupa ni ndogo kuliko lita. Kanuni nayo inatoa 4⅔, na hapo ndipo wengi wanapoteleza: huandika kwamba yamebaki mafuta theluthi mbili za lita. Ni theluthi mbili za chupa! Kwa lita ni nusu tu.

Watetezi wa kanuni husema mtihani una muda maalumu, na kanuni ni ya haraka. Sawa, lakini kanuni yenyewe inazaliwa humu humu kwenye chupa: lita moja hujaza chupa 4/3, basi zidisha kwa 3½. Pingamizi zito zaidi ni kwamba si kila fumbo linahesabu vipimo. Robo tatu kilo ya nyama ikiwa shilingi 9,000, kilo ni bei gani? Hapa hakuna chupa za kujaza. Hata hivyo robo 3 ni 9,000, robo moja 3,000, na kilo ina robo 4: shilingi 12,000. Tumegawanya kwa 3 tukazidisha kwa 4, kanuni ile ile, ila kila hatua inaeleweka buchani. Atakayezidisha 9,000 kwa robo tatu atapata 6,750, na kama anaifikiria nyama, si tarakimu tu, atashtuka mwenyewe: kilo nzima itakuwaje rahisi kuliko robo tatu yake?