Tezi Iliyovimba Shingoni: Ubainishaji wa Limfoma kwa Mgonjwa wa Horohoro

Mgonjwa wa Horohoro, wilayani Mkinga, mwenye tezi iliyovimba shingoni, homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito, ana dalili zinazoshirikiwa na maradhi mawili: kifua kikuu cha tezi na limfoma, yaani saratani ya mfumo wa limfu. Kwa kuwa kifua kikuu ndicho kilichoenea zaidi, ni busara kukifikiria kwanza. Tatizo huzuka pale dawa zake zinapoanzishwa bila ushahidi wa maabara, miezi ikapita, na uvimbe ukaendelea kukua.

Kufyonza seli kwa sindano nyembamba ni kipimo chepesi, na huweza kuonesha vimelea vya kifua kikuu. Hata hivyo, aina nyingi za limfoma hutambuliwa kwa mpangilio wa seli ndani ya tezi, mpangilio ambao sindano huuvuruga. Katika limfoma ya Hodgkin, seli kubwa za Reed-Sternberg huwa chache mno miongoni mwa seli za kawaida, hivyo sindano yaweza kuzikosa kabisa. Jibu kwamba saratani haikuonekana, kwa hali hiyo, linahusu sampuli tu; halimhusu mgonjwa.

Kinachohitajika ni tezi nzima, iliyotolewa kwa upasuaji mdogo kabla ya dawa za steroidi kama prednisoloni, ambazo hunywesha uvimbe kwa muda na kuficha ugonjwa. Sehemu moja huhifadhiwa katika fomalini ya asilimia 10 kwa ajili ya hadubini. Nyingine huwekwa katika maji ya chumvi kwa kipimo cha GeneXpert na uoteshaji wa vimelea. (Kuitumbukiza tezi yote katika fomalini ni kosa la dakika moja lisilorekebishika, kwani fomalini huua vimelea.) Vipimo vya alama za seli, kama CD20 na CD3, ndivyo hutenganisha limfoma za seli B na za seli T, ambazo tiba zake hutofautiana.

Barabara ya takribani kilomita 65 huunganisha Horohoro na Tanga mjini, iliko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo. Sampuli yenyewe huenda ikalazimika kufika Muhimbili. Kwa mtoto mwenye uvimbe wa taya, muda huo ni mrefu. Limfoma ya Burkitt, iliyoelezwa na Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Kampala, huweza kuongezeka maradufu ndani ya saa 24 hadi 48. Mtoto huyo hupewa rufaa siku hiyohiyo.